Mwendo, kasi na mchapuko: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mada ya mwendo katika mstari mnyoofu huja kidato cha pili, na kila mwaka huja na maswali yale yale. Nimeyajibu hapa kwa Kiswahili kwa sababu nimeona mara nyingi mwanafunzi akiikariri fasili kwa lugha ya mtihani, akaiandika bila kukosea herufi, kisha akashindwa kunieleza kwa nini abiria huyumba gari likiondoka. Akishaelewa kwa lugha anayoizungumza nyumbani, fasili huishika bila tabu.

Mwendo, kasi, mwendokasi, velositi: si kitu kimoja?

Hapana, ingawa mtaani tunayachanganya maneno haya na bado tunaelewana. Mwendo ni hali ya kitu kubadili mahali kadiri muda unavyopita. Kasi ni umbali unaokwendwa kwa kila kipimo cha muda, yaani mita ngapi kila sekunde au kilomita ngapi kila saa. Velositi ni kasi pamoja na uelekeo: mita 20 kwa sekunde kuelekea kaskazini. Magari mawili yanayopishana barabarani, kila moja likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, yana kasi moja lakini velositi zake ni tofauti kabisa. Dereva yeyote aliyewahi kukoswakoswa na gari la mbele anaujua uzito wa tofauti hiyo.

Neno mwendokasi vitabu vingine hulitumia kwa maana ya kasi, vingine kwa maana ya velositi, na tangu mwaka 2016 mtu wa Dar es Salaam akilisikia anaona basi refu la kwenda Kimara. Kwa hiyo humu sitalitumia.

Umbali niliotembea na umbali kutoka nilipoanzia, upi ndio wa kuandika?

Inategemea unatafuta nini. Ukitafuta kasi, chukua urefu wote wa njia, kona na vichochoro vyake vyote. Ukitafuta velositi, chukua mstari mnyoofu kutoka mwanzo hadi mwisho, pamoja na uelekeo wake.

Tarehe 9 Agosti 2012, kwenye Olimpiki ya London, David Rudisha wa Kenya alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Mzunguko wa kwanza ulimchukua sekunde 49.28 na wa pili 51.63. Kasi yake ya wastani ni 800 gawanya kwa 100.91, sawa na mita 7.93 kwa sekunde. Lakini mizunguko miwili ya uwanja ilimrudisha mita chache tu kutoka alipoanzia, kwa hiyo velositi yake ya wastani ni karibu sifuri. Wanafunzi wengi huona hapo kama anadhulumiwa. Hadhulumiwi. Velositi ya wastani haiulizi umekimbia kiasi gani, inauliza umefika wapi.

Nimekwenda kwa 80 na kurudi kwa 40. Wastani si 60?

Si 60. Tuseme umetoka Moshi kwenda Arusha, takriban kilomita 80. Kwenda kwa kilomita 80 kwa saa ni saa 1. Kurudi kwa 40, labda kwa sababu ya mvua na malori, ni saa 2. Jumla umekwenda kilomita 160 kwa saa 3, na wastani wako ni kilomita 53.3 kwa saa.

Ile njia ya kujumlisha na kugawa kwa mbili ingefaa kama ungekaa kwenye kila kasi kwa *muda* sawa. Hapa ulichosawazisha ni umbali, na kwenye kasi ndogo umekaa muda mrefu maradufu, kwa hiyo kasi ndogo imeuvuta wastani chini. Kanuni isiyokuangusha ni moja: umbali wote gawanya kwa muda wote.

Ile 3.6 inatoka wapi?

Kilomita 1 ni mita 1,000 na saa 1 ni sekunde 3,600. Kutoka kilomita kwa saa kwenda mita kwa sekunde, gawanya kwa 3.6, kurudi, zidisha. Treni ya umeme ya reli ya kisasa ya Tanzania, iliyosanifiwa kwenda hadi kilomita 160 kwa saa, ikifika kasi hiyo inapita mita 44 na kidogo kila sekunde. Karibu nusu ya uwanja wa mpira kabla hujamaliza kusema "hiyo hapo".

Mchapuko ni nini hasa?

Ni kiasi ambacho velositi inabadilika kila sekunde. Baadhi ya vitabu huuita uharakisho.

Panda daladala kwa mawazo. Imesimama kituoni, konda amegonga bodi, dereva amekanyaga mafuta. Baada ya sekunde 8 imefika mita 12 kwa sekunde, ambayo ni kama kilomita 43 kwa saa. Kasi imeongezeka kwa 12 ndani ya sekunde 8, kwa hiyo kila sekunde moja imeongezeka kwa 1.5. Sekunde ya kwanza ikiisha daladala iko kwenye 1.5, ya pili 3, ya tatu 4.5, na kuendelea. Hiyo 1.5 ndiyo mchapuko.

Sasa utaona kwa nini kipimo chake kinataja sekunde mara mbili. Ni mita kwa sekunde, zinazoongezeka *kila* sekunde. Sekunde ya kwanza ni ya kasi yenyewe, ya pili ni ya mabadiliko. Tunaandika m/s², lakini nawasihi msome polepole kwa maneno: "mita kwa sekunde, kwa kila sekunde." Anayesema "mita kwa sekunde mraba" bila kufikiri huishia kudhani kuna kitu chenye umbo la mraba mahali fulani.

Kwa hiyo kinachokwenda kasi zaidi ndicho chenye mchapuko mkubwa zaidi?

Hapana, na kama ungesoma jibu moja tu katika ukurasa huu, ningeomba liwe hili. Kuna swali la "unakwenda kasi gani?" na kuna swali la "kasi yako inabadilikaje?" Ni maswali mawili, na jibu la moja halikupi jibu la jingine.

Mfano bora ninaoujua ni mbio za Usain Bolt mjini Berlin, tarehe 16 Agosti 2009, alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.58. Waliopima waligawa mbio ile katika vipande vya mita 20. Kipande cha kwanza kilimchukua sekunde 2.89, cha pili 1.75, cha tatu 1.67, cha nne 1.61, na cha mwisho 1.66. Gawanya 20 kwa kila namba na utapata kasi zake za wastani: 6.92, kisha 11.43, kisha 11.98, kisha 12.42, na mwisho 12.05.

Tazama zinavyokwenda. Kati ya kipande cha kwanza na cha pili kasi imeruka kwa zaidi ya 4. Kati ya cha pili na cha tatu imeongezeka kwa karibu 0.5 tu, na vivyo hivyo kufika cha nne. Mchapuko mkubwa wa Bolt ulikuwa pale mwanzoni, akiinuka kutoka kwenye vyuma vya kuanzia mbio, wakati kasi yake ilikuwa ndogo kuliko wakati mwingine wote. Alipofika kasi kubwa kabisa, katikati ya mita ya 60 na ya 80, mchapuko wake ulikuwa karibu sifuri, kwa sababu kasi haikuwa na pa kupanda tena. Na kipande cha mwisho, alipokuwa bado anawaacha wenzake, kasi ilikuwa inashuka: mchapuko hasi. Tuliotazama kwenye televisheni tuliona kama anazidi kuchanganya. Alichokuwa anafanya ni kupungua kidogo kuliko wengine.

Kwa hesabu hiyo hiyo, ndege inayokata anga kwa kilomita 900 kwa saa bila kubadili kasi wala uelekeo ina mchapuko sifuri, na bodaboda inayong'oka kwenye taa ina mchapuko ulio mkubwa kuliko wa ndege hiyo.

Mchapuko hasi maana yake kitu kinapunguza kasi?

Mara nyingi ndiyo, si mara zote. Alama ya kutoa husema tu kwamba mchapuko unaelekea upande uliouita hasi, na upande huo umeuchagua wewe. Ukiamua kuwa juu ni chanya, basi mvutano wa dunia ni hasi muda wote. Jiwe lililorushwa juu linapopanda, mchapuko hasi unapunguza kasi yake. Linaposhuka, mchapuko ule ule hasi unaiongeza. Angalia kama velositi na mchapuko vinaelekea upande mmoja: vikielekea upande mmoja, kasi inaongezeka, vikipingana, inapungua.

Hapo huja swali la pacha: *jiwe likifika juu kabisa na kusimama, mchapuko si sifuri?* Velositi ni sifuri kwa kitambo kile. Mchapuko haujaondoka hata kidogo. Kama nao ungekuwa sifuri, jiwe lingebaki linaning'inia hewani, maana hakuna ambacho kingebadili hali yake ya kusimama.

Bajaji inazunguka kipilefti kwa kasi ile ile. Ina mchapuko?

Ndiyo. Kasi haibadiliki lakini uelekeo unabadilika kila nukta, kwa hiyo velositi inabadilika, na mabadiliko ya velositi ndiyo mchapuko. Unaelekea katikati ya mzunguko, na ukubwa wake ni kasi kwa kipeo cha pili gawanya kwa nusu kipenyo. Bajaji iliyo kwenye mita 5 kwa sekunde, yaani kilomita 18 kwa saa, ikizunguka duara lenye nusu kipenyo cha mita 10, ina mchapuko wa 2.5. Umeizidi ile daladala iliyokuwa inaondoka kituoni, ingawa mshale wa spidi umetulia tuli. Ndiyo maana abiria anashika chuma.

Mbona gari likiondoka nasukumwa nyuma, na likifunga breki nasukumwa mbele?

Hakuna aliyekusukuma. Gari lilipoondoka, miguu yako ilichukuliwa na sakafu, lakini kiwiliwili chako kilitaka kubaki pale kilipokuwa. Gari limekuponyoka chini yako kwenda mbele, nawe ukaona kama umerudi nyuma. Breki ni vivyo hivyo: gari limesita, wewe ulikuwa bado unaendelea na safari. Tabia hii ya kila kitu kung'ang'ania hali kilichonayo, iwe kutulia au kwenda moja kwa moja kwa kasi ile ile, ndiyo inayofanya mkanda wa gari uwe na kazi.

Kizito hakianguki haraka kuliko chepesi?

Ukidondosha nazi na jani la mwembe kwa pamoja, nazi inatangulia, na jicho linakupa jibu lisilo sahihi. Kinachochelewesha jani ni hewa. Likunje jani ulifanye kidonge kigumu, jaribu tena kutoka kimo cha mtu, uone. Uzito haujabadilika, kilichobadilika ni upana unaopigana na hewa.

Mwaka 1971, mwanaanga David Scott wa Apollo 15 alisimama juu ya Mwezi, mahali pasipo na hewa, akaachia nyundo mkono mmoja na unyoya wa kozi mkono wa pili. Vilifika chini pamoja, mbele ya kamera. Galileo alikuwa amelifikia jambo hilo kwa hoja na majaribio zaidi ya miaka 300 kabla yake.

Na usiidharau nazi. Ikidondoka kutoka mita 20, inafika chini kwa takriban sekunde 2, ikiwa na kasi ya karibu mita 20 kwa sekunde. Hiyo ni kilomita 71 kwa saa. Wazee wa pwani wanaokataza watoto kucheza chini ya minazi wana fizikia upande wao.

Nitumie 9.8 au 10?

Tumia iliyoandikwa kwenye swali; isipotajwa, 9.8. Zote zinakadiria jambo moja: kitu kinachoanguka bila kuzuiwa na hewa huongeza kasi kwa takriban mita 9.8 kwa sekunde, kila sekunde. Thamani yenyewe si ile ile kila mahali. Kwenye ikweta ni kama 9.78 na kwenye ncha za dunia 9.83, kwa sababu dunia inazunguka na imetuna kidogo kiunoni. Juu ya Mwezi ni 1.62 tu.

Dunia inazunguka kwa kasi kubwa. Mbona hatuhisi?

Mtu aliyesimama Nanyuki, juu ya mstari wa ikweta, anabebwa na mzunguko wa dunia kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa. Mwili wa mwanadamu hauhisi kasi. Unahisi mchapuko, na mchapuko wa mzunguko huo pale ikweta ni kama 0.034 m/s² tu. Daladala yetu ilikuwa na 1.5, zaidi ya mara 40. Katika gari linalokwenda sawasawa kwenye lami nzuri unaweza kusinzia kwenye kilomita 80 kwa saa. Ukiamka ghafla, ujue velositi imebadilika.

Milinganyo ni mitatu. Nitajuaje nichague upi?

Andika kwanza unachokijua na unachotafuta. Velositi ya mwanzo ni u, ya mwisho v, mchapuko a, muda t, umbali s.

v = u + at
s = ut + ½at²
v² = u² + 2as

Kila mlinganyo umeacha kitu kimoja nje. Wa kwanza hauna umbali, wa pili hauna velositi ya mwisho, wa tatu hauna muda. Tafuta kile ambacho swali halikitaji wala halikiulizi, kisha chagua mlinganyo usiokuwa nacho. Daladala ile ilikwenda umbali gani katika sekunde zake 8? Tuna u = 0, a = 1.5, t = 8. Wa pili unatosha: nusu ya 1.5 mara 64, ni mita 48.

Onyo ambalo halisemwi vya kutosha: milinganyo hii hufanya kazi pale tu mchapuko usipobadilika. Kwa Bolt haifai, maana mchapuko wake ulikuwa unapungua njia nzima.

Kwenye grafu naangalia nini?

Soma majina ya mihimili kabla ya kitu kingine chochote. Makosa mengi ninayoyasahihisha yanatokana na mtu kusoma grafu ya kasi na muda akidhani ni ya umbali na muda. Mstari mlalo kwenye grafu ya umbali ni kitu kilichosimama. Mstari mlalo huo huo kwenye grafu ya kasi ni kitu kinachokwenda bila kubadili kasi. Kwenye grafu ya umbali na muda, mwinamo wa mstari ni kasi. Kwenye ya kasi na muda, mwinamo ni mchapuko, na eneo chini ya mstari ni umbali.

Kwa nini vibao vya 50 vinasisitizwa hivyo? Tofauti ya 50 na 60 si ndogo?

Mlinganyo wa tatu unajibu, na jibu lake ni la kuogofya. Umbali wa breki unafuata kasi kwa kipeo cha pili: kasi ikiwa maradufu, breki zinahitaji umbali mara nne.

Tuchukue dereva anayetumia sekunde 1 tangu aone hatari hadi mguu ushike breki, na gari linalopunguza kasi kwa 7 m/s² kwenye lami kavu. Akiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, ambayo ni mita 13.9 kwa sekunde, anakwenda karibu mita 14 kabla breki hazijashika, na 14 nyingine breki zikiwa zimeshika. Anasimama baada ya takriban mita 28. Akiwa kwenye 100, ni 28 za kustuka na 55 za breki: mita 83.

Sasa weka mtoto anayevuka mbele, mita 28 kutoka gari. Dereva wa 50 anasimama akimgusa kwa shida. Dereva wa 60 ametumia karibu mita 17 kabla ya breki, amebakiwa na 11, na ukifanya hesabu utakuta anamfikia mtoto akiwa bado na kilomita 40 kwa saa. Wa 50 yuko sifuri pale pale. Ongezeko la 10 kwenye mshale limekuwa 40 kwenye mwili wa mtoto. Lami ikilowa, au tairi likiwa kipara, hali ni mbaya zaidi. Dereva akilalamika kwamba amepigwa tochi kwenye 60 na "ni kumi tu", mfanyie hesabu hii.

Shule yetu haina vifaa. Tunaweza kujaribu nini?

Galileo hakuwa na saa ya sekunde. Alipima muda kwa maji yaliyochuruzika kwenye chombo na kuyapima uzito, na aliupunguza mwendo wa kuanguka kwa kuviringisha tufe kwenye ubao ulioinamishwa kidogo, ili jicho liweze kuufuata.

Tafuteni ubao mnyoofu wa mita 2 wenye mfereji, au bomba la plastiki lililopasuliwa katikati, na gololi moja. Inueni upande mmoja kwa sentimita 5, kama vitabu viwili. Kutoka mahali pa kuachia gololi, wekeni alama kwenye sentimita 10, 40, 90 na 160, na juu ya kila alama zungusheni uzi mwembamba ambao gololi ikiupita itasikika. Achieni bila kusukuma, mfumbe macho, msikilize. Nafasi za alama hazilingani hata kidogo, lakini mlio utakuja kwa vipindi sawa, takriban sekunde moja moja, kama mtu anayepiga ngoma polepole. Kisha hamisheni nyuzi ziwe kila baada ya sentimita 40, mrudie, na mwaulize wenzenu kwa nini sasa mapigo yanakimbizana.